Salvina Mbele ya Mtemi

Jumapili, 5 Agosti 1934
Otmar wangu bado yumo mahabusu — eti kaiba ng'ombe watatu wa Mabula! Siku ile ya wizi alilala na homa, dada yake Salvina akimnywesha uji. Mimi nilikuwa misheni, sikuona. Kesi ni tarehe 13, barazani kwa mtemi, na shahidi ni Salvina peke yake. Na Salvina mbele ya watu hutetemeka, sauti humkauka. Laiti angenirithi mimi! Mimi nimekaa miaka mitatu kwa masista, sijamwogopa mtu.

Jumanne, 7 Agosti
Nimegundua jambo. Akisaga mtama husema vizuri, pumzi inafuata jiwe. Basi akasaga huku anasimulia ya siku ile. Kisha nikamwondoa jiweni: vuta pumzi kama unasukuma, tamka inaporudi. Kaweza! Kwanza kwangu, jioni kwa jirani Paskazia. Sauti ndogo, lakini kafika mwisho.

Alhamisi, 9 Agosti
Leo mbele ya wanawake watano, kisimani. Alipokwama nikamwambia, niangalie mimi tu, hawa wengine magogo. Akamaliza! Paskazia akacheka: Mama Otmar, na mimi gogo?
Nilivimba kichwa. Nikatangaza gulio zima — Jumatatu njoni barazani mkamsikie binti yangu! Salvina hakula. Aliuliza tu: Mayu, mama yangu, umewaita wangapi?

Jumatatu, 13 Agosti. Mchana.
Baraza limejaa hadi nje. Niliwaita mwenyewe. Salvina kapiga magoti, kapiga makofi kumwamkia mtemi, macho chini, mgongo kwetu. Mgongo! Mara ngapi mimi nimepiga magoti pale pale, na sikulifikiria. Uso wangu hauoni.
Karani akauliza: siku ile kaka yako alikuwa wapi? Kimya. Mabula akapaza sauti, uongo umemkaba! Watu wakacheka. Mabega ya mwanangu yakaanza kutetemeka. Otmar, kule kwa askari, akainamisha kichwa.
Mtemi kasema, baada ya chakula ataulizwa mara moja tu, kisha hukumu. Otmar atafungwa miezi sita, wanasema.
Tuko nyuma ya ghala, mimi na Salvina. Nimewaomba watu waende zao — nani aondoke? Wengine wameagiza pombe, kama wako ngomani. Nikamwambia, basi mwanangu, acha, nitamlilia mtemi mimi. Hataki. Na nisiingie, kasema. Nikiwamo atageuka kunitafuta.
Mimi, nisiingie!
Kaitwa. Kaenda peke yake, hakugeuka.
Nimekaa ukutani, nje. Karani kauliza. Sauti ndogo ya mwanangu inakuja kwa mwendo wa jiwe, haikatiki; watu wamenyamaza wote, hata Mabula —