Shuka Jekundu Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi
Amekileta! Chombo cha kuruka cha mtu mmoja — kiti kimoja, feni nne. Majirani wote juu ya paa, midomo wazi. Binti yetu kakipa jina hapohapo: Feni. Mume wangu na helmeti yake, anatabasamu kama bwana harusi. Mimi sijakipenda.

Lakini niseme ukweli, barabara ya kwenda kazini ilikuwa inammaliza. Anatoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Leo kafika jua bado lipo, wamekula sahani moja. Nimelia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Jumanne, 4 Machi
Aibu! Katua paa la watu. Ramani ya Feni inamfikisha mtaani tu, paa lenyewe analitafuta kwa macho, na majengo yetu yote yamefanana. Mwalimu mstaafu wa jengo la pili alikuwa anaota jua na kaptura. Alivyokimbia! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mama mkwe hakucheka. Kaniletea shuka lake jekundu nilishonee vitanzi, maana mimi ndiye fundi cherehani wa nyumba. Kisha kapanda mwenyewe na magoti yake mabovu, kalifunga kwenye nguzo ya antena. Sasa mwanangu atapaona kwao, kasema.

Ijumaa, 7 Machi
Mkufunzi wa kurusha vyombo hivi aliwaambia wanunuzi: mahali pa kutua pasiwe na kitu cha kupepea, hata leso. Feni zinavuta. Nimemkumbusha mume wangu. Eti, nitamwambiaje mama? Mwambie wewe.

Mimi! Haya, nikajaribu kwa adabu zote. "Mama, samahani, lile shuka..." Hata sikumaliza. Kanikatiza: kwani sitaki mume wangu arudi nyumbani? Basi. Nikarudi kwenye cherehani.

Jumatatu, 10 Machi
Soksi. Soksi moja ya mtoto! Iliruka kutoka kwenye kamba ya nguo wakati baba yake anatua, feni moja ikaimeza, ikakwama. Chombo kikalala upande, kikajibamiza chini. Bahati yake alikuwa amebakiza kimo cha meza tu. Katoka anacheka. Usimwambie mama, kasema. Nikaichomoa soksi, imebaki vipande.

Kama soksi imefanya hivyo, shuka la kitanda cha watu wawili je? Tumegombana chumbani kwa kunong'ona, mama asisikie. Mwenye nyumba amekubali tupake alama ya rangi juu ya paa, fundi rangi anakuja Alhamisi. Tusubiri, kasema. Naogopa. Naogopa na nina hasira naye, vyote pamoja.

Jumatano, 12 Machi
Nimelitoa. Mama mkwe alipoenda kliniki ya macho nikapanda, nikavikata vitanzi nilivyoshona mwenyewe. Nimelificha chini ya godoro langu. Siku moja tu, nikajisemea, kesho rangi. Nikamtumia mume wangu ujumbe: shuka halipo, tazama tangi la maji la mtaa, sisi ni jengo la tatu kutoka hapo.

Haujasomwa.

Jioni. Vumbi limetanda, hilo tangi lenyewe silioni. Amechelewa. Simu haipatikani, akiwa angani huizima. Mama mkwe amerudi, kapanda kumpokea kama kawaida yake. Nimesikia sauti yake huko juu: shuka liko wapi? Nikalisukuma ndani zaidi chini ya godoro.

Mlio! Ni yeye, afadhali.

Umepita.

Umerudi. Umepita tena. Anazunguka, anatafuta. Ana betri ya kwenda na kurudi, ya kutangatanga hana. Nimeketi juu ya godoro, naandika maana sijui nifanye nini. Nikilipeleka shuka, feni zitalivuta. Nisipolipeleka, betri itamwishia hukohuko juu. Mimi ndiye niliyelitoa. Ee Mungu, nilitaka arudi salama, basi.

Mama mkwe anapiga kelele: mwanangu, huku, huku! Binti yetu kaja mbio kutoka juu, anahema, amefurahi. Mama, bibi amepata akili! Amevua kilemba chake, anampungia baba!

Kilemba. Kirefu, chepesi kuliko shuka.

Mlio umeacha kuzunguka. Amemwona. Unashuka —