Sukari ya Daktari

Jumanne, usiku

Usingizi hauji tena. Na mikono inatetemeka, hadi chapati ya asubuhi iliniponyoka ikaingia motoni.

Vidonge vya usingizi nameza tangu mume wangu afukiwe kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Daktari wa zamani alisema nisiviache ghafla, nipunguze kidogo kidogo. Huyu kijana mpya kanikatia vyote kwa mpigo. "Mama Shija, mwongozo wa dawa hautaki."

Nikamwambia naogopa vikikatwa hivi nitaanguka kifafa mbele ya karai la mafuta. Akacheka!

Haya. Kila asubuhi anakunywa chai kibandani kwangu, vijiko vitano vya sukari. Kesho akiniamkia shikamoo, nitaitika vizuri na chai nitammiminia. Sukari hapati hata chembe. Akiuliza, nitamwambia mwongozo hautaki.

Halafu nicheke.