Baba, Naenda Kwenye Matuta Mwezi wa Tope

Shikamoo Baba,

Ulinilea nisifungue mdomo mbele yako kabla ya shikamoo, hata nikiwa nimekuja kugombana. Basi shikamoo. Nimekuja kugombana.

Jana nimekata tiketi ya Ufilipino, kwenda kwenye ile milima ya matuta ya mpunga uliyoning'ang'ania hadi ukanizeesha. Wakala wa safari, dada mmoja Mkenya mwenye ofisi hapa hapa Parkdale, mtaani kwetu Toronto, aliniuliza mara tatu kama nina hakika na mwezi.

"Mama, sikufichi, Disemba huko ni matope tu. Watu huenda Juni, mchele ukiwa umeiva. Disemba utapiga picha ya nini?"

"Ukiwa shambani ni mpunga," nikamwambia. "Na mimi ninataka hayo hayo matope."

Akanitazama kama unavyotazamwa ukivaa kandambili kwenye theluji. Hayo ni mafundisho yako, Baba. "Mpunga unaficha kuta," ulisema. "Mtu akitaka kuona matuta, aende wakati hakuna cha kuona." Wewe tu duniani ndiye uliyeweza kupanga matembezi ya namna hiyo.

Ulikuja kukaa nasi Toronto mwaka 2009, Mama alipofariki. Wiki haijaisha ukawa umeokota matawi matatu kwenye bustani ya mtaa, umeyafunga mfano wa herufi A, umening'iniza uzi na jiwe katikati. Kipimo kile kile ulichotembea nacho miaka thelathini milimani Uluguru ukiwa bwana shamba, ukitafuta mstari wenye usawa mmoja wa kuchimba tuta. Ukapima sebule yangu.

"Mama," ulizoea kuniita hivyo kwa kuwa nimechukua jina la mama yako, "nyumba yenu imeinama kuelekea ziwani. Fundi wenu hakupima."

Ninaishi ghorofa ya sita, mpangaji. Nilitakiwa nifanye nini, nikachimbe?

Kisha jirani yetu Luz, aliyezaliwa katika milima hiyo ya Ufilipino, akakuletea kalenda. Ukafunua kurasa, ukafika kwenye picha ya mlima mzima uliochongwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi na maji yake. Ulisimama mbele ya ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Halafu ukauliza, si Luz, si mimi, ukaiuliza kalenda: "Nani aliwaambia hawa wachimbe?"

"Lolo, nenda ukaone," Luz akacheka. Lolo ni babu kwa lugha yao.

Mtu mwingine angenunua begi. Wewe ukaomba karatasi zenye mistari.

"Mtu haingii shamba la watu bila kupiga hodi ofisini."

"Baba, huu ni utalii. Watu huenda, wakatazama, wakapiga picha, wakarudi."

"Kwa hiyo wanaingia kama mbuzi?"

Ukaandika kurasa tatu. Kwa Mwenyekiti wa Kijiji. Yah: Ombi la kutembelea mashamba ya matuta. Utumishi wa serikali ulikuwa umekuingia mpaka kwenye mifupa. Chini kabisa uliandika Nakala: Faili, na faili lenyewe lilikuwa bahasha ya kahawia uliyokuwa ukiilalia chini ya mto. Luz akatupatia anwani ya kijiji chao. Mimi nikatakiwa kutafsiri kwa Kiingereza.

Nilitafsiri jikoni, kitunguu kikiungua, mwanangu Neema ananiuliza habari za shule kwa Kiingereza na mimi ninamjibu kwa Kiswahili kama kawaida ya nyumba yetu. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaona "Kwa unyenyekevu mkubwa." Nikasema, aa, sasa mzee anaaga. Nikauruka ukurasa mzima, nikaandika "Wako mtiifu", nikatia stempu. Mimi, ambaye nimegombana na kila mhariri aliyewahi kunikatia sentensi moja!

Miezi mitatu baadaye majibu yakaja. Barua ya adabu: karibuni sana, njooni Juni, nyumba za wageni ni hizi, mahali pa kupigia picha ni hapa. Nikakusomea kwa Kiswahili. Ukaniambia nirudie. Nikarudia.

"Hawajajibu," ukasema.

"Baba, wamejibu! Wamekukaribisha mpaka kitandani!"

"Hawajajibu swali langu. Tungoje."

Tukangoja. Likizo yangu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila nikigusa habari ya safari, jibu lako lilikuwa hilo hilo, hawajajibu. Siku moja nikakufokea, Mungu anisamehe, kwamba wewe ni mgumu kuliko hilo jiwe la kipimo chako. Ukalitazama jiwe. "Jiwe halina ugomvi na mtu," ukasema. "Linaning'inia tu."

Ukarudi nyumbani bila kwenda, na mwaka 2012 tukakuzika mlimani, juu kidogo ya yale matuta machache uliyofaulu kuwashawishi watu wachimbe.

Pasaka hii kaka ameniletea faili lako. Nakala ya barua ilikuwamo, kwa mwandiko wako. Hatimaye nimeusoma ukurasa wa tatu:

"Kwa unyenyekevu mkubwa, nina swali moja. Nimefundisha matuta miaka thelathini. Wazee wa kwetu walichimbishwa na mkoloni kwa faini na kifungo, na watoto wao hawakusahau. Binti yangu ni msomi, aliandika gazetini kwamba mimi niliirithi fimbo ile. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na uhakika. Kwenu nani aliamuru? Na kama hakuna aliyeamuru, mlikubalianaje? Nikipata majibu yenu nitamjibu."

Baba!

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi, kila nilichogusa kinawaka. Niliandika kwamba matuta ni fimbo ya mkoloni mikononi mwa karani mweusi, nikaweka chini jina lako la ukoo. Ulilisoma gazeti mezani, ukalikunja mara nne. "Umeandika vizuri, mama. Koma mbili zimepotea." Basi. Nikahesabu kwamba nimeshinda. Nimeishi maisha yangu yote nikihesabu kila aliyenyamaza mbele yangu kuwa nimemshinda.

Kumbe ulikuwa unatafuta jibu, na ulikwenda kulitafuta kwa wageni ng'ambo ya bahari, na barua ukampa nani aipeleke? Mimi! Kwa nini hukuuliza kama nimetafsiri yote? Kwa nini hukugonga meza hata mara moja? Ninakasirika kwa sababu jibu ninalijua. Uliniamini. Ulidhani msomi wako hawezi kuruka ukurasa.

Nimemgongea Luz mlango, nikamsomea swali lako. Akasema, "Hilo usiliulize Juni, wakati huo wamechoshwa na wageni. Nenda Disemba wanapojenga upya kuta zilizobomoka. Shika jiwe uwasaidie, ndipo uulize."

Disemba, Baba. Mwezi wako. Ulikuwa umesema kweli hata kuhusu hilo, na hilo nalo linaniudhi.

Safari hii nimetafsiri kurasa zote tatu, na Yah na Nakala yake. Nimeituma barua mwezi mzima kabla ya kukata tiketi, kwa Mwenyekiti wa Kijiji, tusiingie kama mbuzi. Neema atabeba uzi na jiwe lako. Miti ya kipimo tutaiomba huko huko, ofisini. Sijui watasema nini. Huenda wakasema babu zao walikubaliana tu, nyumba kwa nyumba, na huenda wakasema na wao walikuwa na mwenye fimbo wao. Lolote watakalosema nitaliandika, katika gazeti lile lile likinikubali, kwa jina lile lile la ukoo. Koma nitazihesabu kabla ya kutuma.

Shikamoo tena. Hujaitikia. Nitangoja.

Mama yako wa jina,
binti yako mbishi wa Parkdale
Nakala: Faili