Marehemu wa Gitaa la Solo

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mtendaji wa Kata, Bi Rehema, kaniita ofisini kwake saa mbili na dakika tano. Nilidhani nafukuzwa. Niliingia na kitambulisho mkononi, tayari kukirudisha.

Kumbe ni kazi. Jumamosi ya tarehe 23 tutafanya Siku ya Mtaa wa Mitiki – ya kwanza tangu mtaa uwe mtaa. Tutawasherehekea watu wake, historia yake, na Mitiki Jazz, bendi iliyowachezesha babu zetu tangu 1958 mpaka ikavunjika 1974. Mimi niandike maneno ya bango kubwa. Majina ya wanamuziki wote wanane. Nani yu hai, nani katangulia. Mgeni rasmi anatoka mkoani.

"Na mkataba wako unaisha mwezi huu," Bi Rehema akasema, huku akipekua meza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. "Tutaangalia bango, Eufrazia, halafu tutaangalia mkataba."

Sikumwambia kuhusu miwani. Niliogopa.

Jumatano, 13 Agosti

Nyumba sita leo. Kila mtu ananielekeza kwa mwingine, na wote wananielekeza kwa Bi Chausiku, aliyekuwa akishona sare za bendi.

Ana miaka themanini na mmoja na bado anatunga uzi bila miwani. Babu yake alitoka Tabora kujenga reli, akaishia hapa. Kaniambia mambo ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote. Kwamba watu wa juu ya mfereji walivaa kofia upande wa kushoto na wa chini upande wa kulia, kwa ajili ya bendi tu, na ndoa moja ilivunjika kwa sababu ya kofia. Kwamba vibarua wa mkonge walitembea kutwa nzima Jumamosi, wakacheza, wakarudi kwa miguu Jumapili wamebeba viatu begani ili visichakae. Kwamba suruali ya mpiga saksafoni ilikuwa na mkunjo mkali, ukimsogelea unakukata.

Niliandika yote. Hata mkunjo.

Akaniuliza kabila. Nikasema Mluguru, wa kule juu, misheni. "Aa, mtani wangu," akasema. "Na umeshuka mwenyewe? Wenzako huwa wanateremshwa na ndizi, tunawachambua sokoni."

Nikacheka kwa adabu, nikarudi kwenye orodha. Mpiga tumba – amefariki. Besi – amefariki. Saba wote wamefariki. Wa nane ni Yunusi Mkude, gitaa la solo, Mluguru.

"Yunusi? Alishakufa. Tulimzika sisi wenyewe."

Alikufa lini? "Mwaka wa unga wa njano." Alikufa kwa ugonjwa gani? "Uchoyo. Aliona mgeni mlangoni wakati wa kula, akameza mfupa." Nikaandika: alikabwa na mfupa. Nikaona mabega ya Bi Chausiku yanatikisika. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Nilipomwona mzee wa watu analia, nikasimama, nikamwomba tumkumbuke marehemu kwa dakika moja ya ukimya. Tukasimama. Mjukuu wake, Pili, akatoka nje mbio.

Familia yenye majonzi makubwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeyasoma maneno ya bango mara saba kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji. Majina manane, marehemu wanane.

"Umehakiki?" Bi Rehema kauliza.

Nikamwambia ndiyo, kwa shuhuda aliyekuwepo mazishini. Akasema vizuri. Neno "vizuri" sijalisikia ofisini hapa tangu Juni.

Jumatatu, 18 Agosti

Siwezi kula.

Bango limetundikwa njiapanda tangu jana. Leo saa nne asubuhi akaingia mzee mrefu, kanzu imepigwa pasi. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu. Nimekuja kuripoti kifo."

Nikampa pole, nikatoa fomu. Jina la marehemu? "Yunusi Mkude." Nikaandika. Hata sikushtuka – nilifikiri ndugu wamekuja kukamilisha karatasi za zamani, hutokea. Uhusiano wako na marehemu? "Tumeishi pamoja tangu kuzaliwa." Nikaandika: pacha. Mwili uko wapi kwa sasa?

"Umesimama mbele yako," akasema. "Na umechoka, haujapewa kiti."

Kalamu ilianguka. Sijui ilikwenda wapi mpaka sasa.

Ofisi nzima ilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Akaniuliza kabila, nikamwambia. Akasikitika sana. "Mluguru mwenzangu unakwenda kuuliza habari zangu kwa Mnyamwezi? Bora ungemuuliza paka habari za panya."

Utani. Watani! Chuoni niliandika kurasa nne kuhusu utani wa makabila na dhima yake katika jamii. Nilipata kumi na nane kati ya ishirini. Halafu mtani wa kweli kanikalia mbele, kaniambia kabisa kuwa ni mtani wangu, na mimi nikamsimamisha dakika moja ya ukimya.

Mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini Bi Rehema akatoka ofisini kwake, akaelewa, akashangilia. Mwanamuziki mmoja yu hai! Tulikuwa tumepanga kupiga nyimbo za kanda tu. Papo hapo akapiga simu mkoani: mgeni rasmi atamsikia mpiga solo mwenyewe, mubashara.

Mzee Yunusi akaacha kucheka. Akavaa kofia yake. "Serikali imeshatangaza, mama. Marehemu hapigi gitaa." Akaondoka, upesi kuliko alivyoingia.

Bi Rehema hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Wewe ndiye uliyemzika," akasema. "Mfufue kabla ya Jumamosi. Nimeshaahidi mkoani. Bila gitaa sina la kukutetea kwenye mkataba."

Jumanne, 19 Agosti

Kwa Bi Chausiku. Alinipokea kwa pole za msiba.

Nikamwambia kazi yangu iko hatarini. Akaacha cherehani. Akasema hakujua kama nitaandika kweli. Alinitega zaidi ya mara tatu nishtuke, na kila alipoongeza chumvi nilimuuliza herufi zake.

Kisha akafikiri. Akasema aliyeuawa na utani hufufuliwa na utani. Jumamosi watamlaza ukumbini kwenye mkeka. Sanda ya kweli haichezewi – watamfunika khanga. Watani Wanyamwezi watalia. Mimi, kwa kuwa ni Mluguru, ndiye mfiwa: nitakaa kichwani pake, nitasoma wasifu wa marehemu. Mwishoni nitasema, "Amka, Yunusi, upige." Watani watamfunua, ataamka na gitaa. Hakuna Mluguru anayeweza kukataa mchezo wa mtani mbele za watu. Akikataa, atachekwa na mtaa mzima, mpaka na wajukuu zake.

Niliuliza kama kuna utaratibu ulioandikwa. Alimwita Pili aje anisikie.

Bi Rehema ameupenda mpango. Ameuingiza kwenye ratiba: "Saa saba kamili: Ufufuo na Burudani."

Alhamisi, 21 Agosti

Nilikwenda kwa Mzee Yunusi kumwomba radhi na kumsomea rasimu ya wasifu, asije akakuta kosa jingine. Nilipeleka mkungu wa ndizi za nyumbani.

Alifurahi. Watu ambao hawakumtembelea miaka mingi wamekuja kumpa pole ya kifo chake. Wengine wameleta sukari. Akasema laiti angejua angekufa mapema.

Nilisoma. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale niliposema kwamba vijana wa mkonge waliifahamu Jumamosi kwa sauti ya gitaa lake, akaniambia rudia. Nikarudia.

Mkewe akaleta chai. Akaushika mkono wa mumewe wa kushoto kwanza, akaufunga kwenye kikombe, kisha wa kulia. Chai ilimwagika hata hivyo. Mezani palikuwa pameshatandikwa kitambaa kwa ajili hiyo.

Niliangalia ndizi.

"Marehemu hutetemeka kidogo," akasema. "Baridi ya kaburi."

Kisha akasema bila mzaha. Mara ya mwisho kupiga mbele za watu ilikuwa arusi ya binti yake, miaka kumi na nne iliyopita. Mtaa mzima unaamini ameacha kwa maringo, na yeye kauachia uamini hivyo. Maringo ni bora kuliko huruma. Alipoona bango lilivyoandikwa alicheka hadi akakaa chini – Mungu kamletea sababu, na imechapishwa. Usiku wa Mitiki Jazz upo mzima masikioni mwa watu, haujavunjika. Kwa nini aje auvunje yeye?

Nikamuuliza, basi kwa nini asimwambie Bi Chausiku? Angefuta mchezo wote.

"Angefuta. Halafu asingenitania tena maisha yangu yote. Unajua mtani akianza kukuonea huruma maana yake nini?"

Nilisema sijui.

"Maana yake umekufa kweli."

Nikamuuliza atafanya nini Jumamosi. Akasema atakuja kulala, kulala anakuweza. Kuhusu kuamka hakusema.

Ijumaa, 22 Agosti

Ningeweza kumwambia Bi Rehema. Nilifika mlangoni kwake mara mbili.

Mara ya tatu niliuliza tu kama, kwa tahadhari, kanda zinaweza kuwa tayari. Akasema kanda zipo. Mtu tunaye mmoja.

Sikusema. Siri ni yake. Mkataba ni wangu. Nimejaribu kuvipima na havikai kwenye mizani moja.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nyuma ya ratiba. Ni saa saba na robo, ukumbini, na Mwenyekiti wa Mtaa bado anasalimia itifaki. Amefika kwa wawakilishi wa bodaboda.

Nimekaa mkekani. Mzee Yunusi amelazwa mbele yangu chini ya khanga mbili. Watani wamemfunika pamoja na gitaa lake, wanasema azikwe nalo, asije akamrithisha mtu kwa bahati mbaya. Bi Chausiku analia vizuri kuliko msiba wowote niliowahi kuhudhuria: "Yunusi, nani sasa atatunyima chakula?" Wanaume wa mstari wa mbele wanafuta machozi ya kicheko. Kofia nyingi zimelala kushoto. Chache kulia, na zimekaa mbali.

Bi Rehema yuko pembeni ya mgeni rasmi. Ananionyesha saa yake.

Wasifu una kurasa mbili. Mstari wa mwisho ni ule wa kumwamsha. Asubuhi niliuwekea duara, kisha nikaukata, kisha nikauandika upya pembeni. Nikiusoma, na asiamke, mtaa mzima utaona. Nikiuruka, nimejifukuza mwenyewe mbele ya mkoa.

Nimeinama kama mfiwa nikamnong'oneza: Mzee, wa mwisho niusome au niuruke?

Nikadhani kalala kweli.

Kisha nikaona khanga ya juu inasogea. Si kifuani – chini zaidi, penye gitaa. Inasogea, inatulia, inasogea. Uzi mmoja umelia, mdogo sana. Umekosea. Umerudiwa.

"Soma polepole, mjukuu," khanga imesema. "Vidole bado vinabishana."

Bi Chausiku yuko karibu kuliko nilivyodhani. Ameacha kulia. Ameitazama khanga, kisha mimi, na sijui amesikia nini. Halafu ameanza upya, kwa sauti kubwa mara mbili, mpaka hakuna anayeweza kusikia kitu kingine chochote.

Mwenyekiti ametaja jina langu. Nasimama. Nitasoma hata koma.