Siku Niliyoambiwa Nikae Chini

Mjukuu wangu Kimani,

Huku Kiamunyi tuko salama. Shosho, nyanya yako, magoti yanamsumbua, lakini bado anagombana na kuku kila asubuhi. Mahindi yamekomaa; ungekuwa hapa tungechoma.

Uliniuliza kwenye simu niliwezaje kukulia mtaa wa Kaptembwo bila baba wala mama na nisiharibike. Maisha yale sitaki kuyasimulia. Nitakuambia jambo moja tu.

Kanisani, wageni waliombwa wasimame tuwapigie makofi, na baada ya ibada walipewa chai na mkate. Nilikuwa na njaa, nikasimama. Jumapili iliyofuata nikasimama tena. Nilikuwa mgeni miezi mitatu, na hakuna aliyenicheka.

Siku moja nikiinuka, mama aliyeketi kando yangu akanivuta shati. "Kaa chini, kijana. Mgeni gani huyu wa kila wiki? Wewe ni wetu."

Nilikaa na aibu yangu, nikijua chai imenipita. Lakini ibada ilipoisha alinipeleka kwake, akanipakulia githeri pamoja na watoto wake. Sikutoka kwake hadi nilipooa. Msichana wetu wa kwanza, ambaye ni mama yako, nilimpa jina la mama huyo, kama desturi yetu inavyomtaka mwanamume ampe binti yake wa kwanza jina la mama yake mzazi.

Sasa ni miaka sita hujarudi. Nafasi yako kwenye benchi la kanisani, shosho huiwekea mkoba wake mtu asikae. Siku utakayokuja, mchungaji akiita wageni, tafadhali usisimame.

Guka wako