Niliapa Mbele ya Mtaa Mzima Mke Wangu Hataingia Nyumba ya Wazee

Mama mshauri,

Naitwa Bizimana, nina miaka sabini na tisa na meno yangu karibu yote yapo, na kabla hujasoma mbele ujue kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada, uliza Gikondo yote, toka tuliporudi nchini nimefungua injini pale na hakuna lori lililovutwa kuingia kwangu likavutwa tena kutoka, yote yalitoka yakinguruma. Shule nilisoma Karagwe, huko Tanzania tulikokulia, darasa la tatu tu, na hii barua naandika mwenyewe, binti yangu hajui, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda usinicheke, huu ni mkono wa spana.

Mke wangu ni Spéciose. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mguu haubebi, na maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayechagua maharage, lakini akili iko nzima, hata mimi ananipita. Watoto walisema tutafute mtu wa kumsaidia, nikasema mtu gani, mimi niko, na ni kweli mshauri, toka siku ile namuosha mimi, namlisha mimi, namtoa kitandani mimi, sijamwachia mtu.

Sasa sikia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumezibua mifereji, tukakaa mkutanoni kama kawaida, na mkuu wa mudugudu wetu, yaani wa mtaa, mama mmoja mpole, akatuambia wilaya imemaliza kujenga nyumba ya wazee huku kwetu, na itaendeshwa kwa kodi zetu, ya viwanja na ya masoko, na familia zitachangia kila moja kwa uwezo wake. Nikasimama. Nikasema kodi ya kiwanja mimi hulipa wa kwanza kila mwaka, foleni inaanzia mgongoni kwangu, sasa mnachukua jasho la mwanaume mnawanunulia nepi watu waliotupwa na watoto wao? Watu wakacheka, na mimi nikisikia watu wanacheka sijui kuacha. Jirani yangu Théoneste, mwalimu mstaafu, akasema, “Mzee Bizi kaa chini, magoti yako tunayasikia mpaka huku yanaomba nafasi.” Watu wakacheka zaidi, safari hii wananicheka mimi, na hapo ndipo nilipoapa. Nikasema siku mtakayomuona Spéciose wa Bizimana anaingia mlango ule, mje mnivue kofia mniambie Bizimana umekwisha. Nilipigiwa makofi.

Wiki tatu baadaye nilimwangusha.

Hilo tunalijua yeye na mimi na sasa wewe. Ilikuwa asubuhi, namtoa kitandani kumweka kwenye kiti, nikampitishia mikono kwapani nikavuta kama ninavyojua, soksi ikateleza, akaenda chini na mimi nimebaki nimeshika mkono mmoja, na bega lile nililisikia. Aliniangalia tu. Hospitali nikasema kateleza mwenyewe bafuni, na yeye amekaa hapo anasikia, na hakunisahihisha. Binti yetu Illuminée, anayefanya kazi ofisini kule Kacyiru, akasema baba imetosha, akaenda kuomba nafasi kwenye ile nyumba.

Nikaenda kuikagua. Sikwenda kutembelea, nilikwenda kukagua, na risiti ya kodi mfukoni. Mlinzi akasema, “Mzee, unamtembelea nani?” Nikamwonyesha risiti. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema, “Mzee wangu, hii si tiketi ya mpira.” Nikamwambia kijana, ukuta huo unaouegemea ni wangu, toka. Mzozo ule ukamtoa nje msichana mmoja mwembamba kama fito, amevaa viatu vya raba, mhudumu wa pale, jina lake Mugeni, akasema, “Karibu mzee, njoo uone kodi yako.”

Mshauri, mimi nimeona vitu. Nimeona injini ya meli ikifunguliwa Bukoba. Lakini sikuwa nimeona hivi. Nilitegemea harufu, sikukuta harufu. Sakafu haing'ai, nikaipapasa kwa mkono, imekwaruzwa makusudi ili mguu ushike. Ukutani kuna bomba la kushikilia, linakwenda chumba mpaka chumba bila kukatika, na liko usawa wa mkono wa mzee, mtu alipima mkono wa mzee kabla hajatoboa ukuta! Vitanda vinapanda na kushuka kwa jeki. Nikainama chini ya kimoja kukagua, Mugeni akanisubiri, hakunicheka.

Halafu akanipeleka kwa Mzee Kagabo. Huyo mtu ni mkubwa, alikuwa mchuuzi wa nyama, mwili ule hata mimi wa zamani ningeita mtu wa pili. Msichana yule mwembamba akavuta chuma chenye magurudumu na mkono mrefu, nikasema moyoni ninakujua wewe, wewe ni kreni ya injini. Akamgeuza mzee taratibu upande huu, upande ule, akampitishia kitambaa kipana chini, akafunga mikanda minne, akaikagua mmoja mmoja. Halafu akamwambia, “Mzee Kagabo, naomba ruhusa, tunapaa.” Na yule mzee akajibu, “Paa, lakini usinishushe uwanja wa ndege Kanombe, sina pasipoti.” Akapanda. Mtu mzima akapanda hewani kama mtoto mgongoni, na huku anasimulia habari za ng'ombe wake, hakukatiza hata neno, akashushwa kwenye kiti kama yai. Msichana hakutoa jasho.

Nilijikuta nimevua kofia na sijui niliivua saa ngapi.

Kwa sababu nilikumbuka kitu mshauri. Injini, mimi sijawahi kuinua injini kwa mikono. Vijana wangu wa gereji nilikuwa nawafokea, funga mkanda, kagua mkanda, injini ya watu hiyo. Injini nilifunga mkanda. Mke wangu nilimvuta kwapa.

Mugeni akaniuliza, “Na mama nyumbani unamwinua vipi?” Nikasema vizuri. Akasema wengi wanavuta kwapani, na bega la aliyepigwa na kiharusi ni legevu, halitakiwi kuvutwa hata kidogo. Nikaangalia dirishani. Nikamuuliza basi nani anakulipa kwa kazi hii, akacheka akasema, “Si wewe mzee? Risiti si unayo?”

Tunatoka tukapishana na bibi mmoja anatolewa bafuni, amefunikwa vizuri mpaka shingoni, ananukia sabuni, anawagombeza kwamba maji leo yalikuwa ya moto kama ya kunyonyolea kuku, na anacheka mwenyewe kwa sauti. Kicheko kile nilikwenda nacho mpaka nyumbani. Spéciose toka augue sijamsikia akicheka.

Sasa shida. Illuminée amempatia mama yake nafasi ya mchana, gari linamchukua asubuhi na kumrudisha jioni, inabaki sahihi yangu tu, na Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho, baada ya hapo anapewa mwingine. Lakini kiapo changu kipo, na Théoneste kila akipita anagusa kofia yake ananitazama. Kwa hiyo mimi nimetafuta njia ya mwanaume. Nilichukua kreni yangu ya zamani pale gereji nikaikata, nikaichomelea upya, nikaiwekea magurudumu, mikanda nimetoa kwenye viti vya lori la Fuso, imara kabisa, nimeijaribu kwa mifuko miwili ya saruji na haikutikisika. Nimeipaka rangi ya bluu. Jumapili baada ya misa nataka kumpandisha Spéciose, na kama itakwenda vizuri basi nyumba ya wazee nitakuwa nayo kwangu na kiapo changu kitabaki kimesimama.

Yeye sijamwambia lolote, wala habari ya nafasi wala ya kreni. Naogopa nikimwuliza kama anataka kwenda kule atasema ndiyo.

Niambie mshauri, Jumapili nimpandishe au Ijumaa nitie sahihi? Jibu kwa kifupi, macho yangu yanachoka.

Bizimana, fundi, Gikondo


MSHAURI ANAJIBU

Mzee Bizimana, shikamoo. Heshima yako nimeitoa, sasa tega sikio.

Mashine hiyo usimpandishe mtu. Si Jumapili hii wala Jumapili nyingine. Mfuko wa saruji hauna bega lililoumia, hauogopi, na ukianguka unafagiwa. Ile uliyoiona kwa Mugeni umbo lake ulilitambua mara moja, na hilo halinishangazi, wewe ni fundi. Lakini ulichovulia kofia ni yule msichana, si chuma. Alijua mwili wa binadamu unageuzwa vipi, kitambaa kinapita wapi, na alijua kuomba ruhusa kwanza. Hayo huyachomelei gerejini. Itoe mikanda leo, chuma ukipeleke kilikotoka.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mzee wangu, na nakiri kwamba ile sehemu ya Mzee Kagabo hewani ilinifanya niiweke mezani kwanza. Mama yangu alikufa kitandani akiwa na vidonda mgongoni, na sisi tulikuwa watoto saba, tunampenda, na hakuna hata mmoja aliyejua kumgeuza. Kwa hiyo usiniambie habari za watu waliotupwa. Unaweza kumpenda mtu sana na ukamuumiza kila asubuhi, na wewe umeliona hilo kwa macho yako, ndiyo maana uliangalia dirishani.

Habari ya bega. Leo, si kesho, mwambie Illuminée ukweli, kisha mwende wote kwa daktari umwambie na yeye. Sikuambii hivi ili uaibike. Nakuambia kwa sababu watakaomshika mama wanapaswa kujua bega lipi lilivutwa, lilivutwa vipi na lini. Ukiendelea kusema bafuni, watashika mahali pasipofaa wakidhani pako salama. Mkeo amekufichia aibu yako huku maumivu ni yake. Hapo mzee nimekukasirikia kweli.

Kodi yako. Umezoea kuilipa kwa kifua mbele, vizuri. Basi jua kwamba kuwa wa kwanza kwenye foleni hakukupi kitanda, na Mzee Kagabo hakupewa sadaka. Ile ni nyumba yenu wote, waliolipa na wasio na cha kulipa, wenye watoto Kacyiru na wasio na mtoto. Mkeo akiingia pale haingii kama mtu aliyetupwa. Anaondoka nyumbani kwake asubuhi, anarudi nyumbani kwake jioni, na usiku bado ni wako wewe kumgeuza. Kwa hiyo nenda kwa Mugeni umwombe akufundishe. Nenda mikono mitupu, risiti iache nyumbani, na akikuambia rudia, rudia.

Kiapo. Uliapa kwa miguu ya mtu mwingine ukapigiwa makofi na watu ambao hakuna hata mmoja wao atakayekuja kwako alfajiri kumwinua Spéciose. Umuganda ujao, kazi ikiisha, simama wewe wa kwanza kabla Théoneste hajafungua mdomo. Sema, “Nilisema nisichokijua, nimekwenda nikaona.” Halafu waeleze ulichoona kama ulivyonieleza mimi, bomba la ukutani, sakafu, yule mzee na ng'ombe wake. Watacheka, ndiyo. Halafu wawili watatu watakufuata pembeni kukuuliza nafasi zinaombwaje, maana na wao nyumbani wanavuta watu kwapa.

Sasa lile ulilolificha mwishoni. Ukurasa mzima umeniandikia Spéciose, Spéciose, na hakuna mahali hata pamoja ambapo yeye anasema neno. Umezozana na mlinzi, umeuliza Mugeni, umeniuliza mimi nisiyewajua. Unaogopa atasema ndiyo, kwa sababu unadhani akisema ndiyo anasema wewe hukutosha. Hata mimi sijui atasema nini, na wewe hujui, na Ijumaa inakuja.

Ukimaliza kusoma hapa, kaa mbele yake, upande ambao anakuona vizuri. Mwambie nilikuangusha na nikadanganya, nisamehe. Mweleze nyumba ile bila kuipunguza na bila kuiongeza. Kisha mwulize, “Mama, unataka kwenda?”

Halafu nyamaza. Maneno yake yanachelewa, wewe mwenyewe umesema. Usimsaidie kuyatafuta, usimmalizie, usiinuke kwenda kuangalia chai. Kaa hapo mpaka aseme lote, hata ikiwa jua litahama ukuta, na atakachosema ndicho utakachokipeleka Ijumaa.