Mtihani wa Indunay na Siku ya Mwiko

Hapao, Ifugao,
Jumapili, 6 Julai.

Mpendwa mwanangu Dulawan,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya Pasaka niliipokea, nikawa nangoja habari njema ya kukujibu, bado sijaipata. Natumaini u mzima huko melini na kifua hakikusumbui tena. Sisi tu wazima, ila silali vizuri.

Mpunga umeiva. Kama ujuavyo, hakuna avunaye kabla ya shangazi yako Bugan, mwenye shamba la kwanza. Ataanza kesho. Alhamisi, akishamaliza kuvuna, itakuwa siku ya mwiko: mtu hatoki kijijini wala hakanyagi shamba, panya wasije wakaingia ghalani.

Alhamisi hiyohiyo binti yako Indunay, anayekaa kwa Bugan, anatakiwa mjini kwa mtihani wa kuingia shule ya bweni. Miaka ya karibuni mavuno yaliangukia likizo. Tangu mwaka wa masomo urudishwe kuanza Juni, watoto huyaacha masomo katikati, na wakirudi kutoka shambani mwalimu keshafika mbali. Indunay amejisomea mwenyewe, akitwanga huku akikokotoa hesabu kichwani.

Nilimwomba Bugan asogeze mavuno. Akacheka.

"Kaka, mpunga hausomi barua za ofisi. Ndege wakiumaliza, tutakula vyeti?"

Ofisi ya elimu nayo ilinijibu kwamba tarehe ni moja kwa mkoa mzima. Nikapendekeza mtoto akalale mjini tangu Jumatano. Bugan akakataa: nyumba ya shamba la kwanza haipungui mtu siku hiyo, sembuse huyu atakayelirithi.

Jana jioni alikuja kwangu, hakuketi.

"Mchukue, sikuzuii. Lakini panya wakiingia ghalani, watu watataja jina la mtoto, si lako."

Tangu hapo nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtihani huu haurudiwi. Na jina likiharibika hapa, nani atalisafisha?

Leo nilikumbuka kwamba hakuna aliyemuuliza Indunay mwenyewe, nikamwendea. Alikuwa ananoa kisu cha kuvunia, hakuinua macho.

"Babu, mkishapatana, niambieni nibebe kisu au kalamu."

Nikarudi nyumbani kukuandikia.

Nisalimie rafiki yako Pugong na wenzako wote wa melini. Mama yako mkubwa anakusalimu sana. Bugan pia, ingawa amenuna. Mungu akulinde juu ya maji, akurudishe nyumbani ukiwa na afya. Nitakapokata shauri, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Akupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Ngayaan